Gosh-e fil: sikio la ndovu la Isfahan na lile la Kabul

Ukizitafuta picha za gosh-e fil utaletewa vitafunwa viwili ambavyo kwa macho havifanani hata kidogo. Kimoja ni kidogo, kinaenea kiganjani, kina rangi ya asali na kimelowa shira mpaka kinanata vidoleni. Kingine ni kipana kama kisahani cha kikombe cha chai, chembamba, kikavu, kimetoka malengelenge kila upande, na juu yake imenyunyizwa sukari laini kama poda pamoja na pista za kijani zilizotwangwa. Mtu wa Isfahan, katikati ya Irani, atakuambia cha kwanza ndicho. Familia ya Kabul itakuambia cha pili ndicho, na ndicho kilichokuwa kikiwekwa mbele ya wageni wa Idi tangu enzi za bibi zao. Wote wawili wanasema kweli.

Hapo ndipo maelezo mengi yanapokwama. Anayeeleza cha Isfahan hakitaji cha Kabul, anayeeleza cha Kabul anaandika kana kwamba Isfahan haipo, na msomaji anayeingia jikoni na vipimo vya huyu na picha ya yule anatoka na kitu cha tatu. Yamenikuta. Mara ya kwanza nilikanda unga vizuri, nikausukuma, nikakata miduara na kuitumbukiza kwenye mafuta. Kila kipande kikafura kama puri, kikawa na tumbo tupu ndani, na baada ya dakika kumi kikalegea. Nilikuwa nimeacha jambo moja ambalo liko wazi kwenye jina lenyewe. Kwa hiyo naanza na jina.

Gosh ni sikio, fil ni ndovu. Ile "-e" inayokaa katikati inafanya kazi ile ile ya "-a" yetu ya uhusiano: sikio la ndovu. Mbona basi wengine huandika goosh au gush, na wengine gosh? Hilo halihusu mapishi, linahusu matamshi. Kiajemi cha zamani kilikuwa na "o" ndefu na "u" ndefu zikiwa sauti mbili tofauti. Kiajemi cha Tehran na Isfahan cha leo kimeziunganisha zote kuwa "u", hivyo sikio ni gush. Kidari, yaani Kiajemi cha Afghanistan, kimeitunza ile "o" ya zamani, hivyo Kabul wanasema gosh. Ukiona goosh fil juu ya boksi la peremende, mara nyingi mwandishi wake ni wa upande wa Irani. Ukiona gosh-e fil au goash-e fil, sikiliza Kabul. Na mitaani Isfahan hata ile "-e" humezwa, ikabaki gushfil, neno moja.

Kuna mtego mwingine mdogo kwa wale waliozoea mikahawa ya Kihindi na Kipakistani ya Nairobi au Dar es Salaam. Gosht, yenye "t" mwishoni, ni nyama. Gosh bila "t" ni sikio. Hakuna nyama ndani ya gosh-e fil.

Ama fil, hilo wasomaji wengi wa Kiswahili wanalijua kabla hata ya kusikia habari za Uajemi. Limo ndani ya Suratul Fil, sura ya 105, ile ya aya tano inayosimulia jeshi la ndovu lililokwenda kuibomoa Al-Kaaba, na ambayo watoto wengi wa madrasa huihifadhi mapema. Jambo la kupendeza ni kwamba neno hilo lilitoka Uajemi likaenda Uarabuni, kisha likarudi. Kiajemi cha kale kilisema pil. Waarabu hawana sauti ya "p", wakalitamka fil, na Waajemi baada ya Uislamu wakalipokea tena kwa sura hiyo mpya. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa jina la lugha yenyewe: Parsi ikawa Farsi. Kwa hiyo ndani ya jina la kitafunwa kimoja cha unga na mayai mna neno la Kiajemi lililokwenda ng'ambo na kurejea limebadilika sauti.

Lakini ni sikio la ndovu yupi? Sisi tukisema sikio la ndovu tunaona lile pana la ndovu wa Tsavo au Ruaha, linaloshuka hadi chini ya shingo. Ndovu waliojulikana Uajemi na Afghanistan ni wale wa Bara Hindi. Wafalme wa Kisasani wa Uajemi waliwatumia vitani dhidi ya Waarabu, na Mahmud wa Ghazni, aliyetawala kutoka mwaka 998 hadi 1030 akiwa na makao yake katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliwaleta ndovu wa vita kutoka kwenye kampeni zake za India. Sikio la ndovu wa Asia ni dogo kuliko la ndovu wetu, na kadiri mnyama anavyozeeka ukingo wake wa juu hujikunja. Sasa uangalie tena ule mfano wa Kabul: umekunjwa upande mmoja, halafu ukachanua upande wa pili. Huenda aliyelitoa jina hilo alilitazama sikio lililoanza kukunjika.

Kuita chakula kwa umbo lake si jambo la ajabu katika jikoni za huko. Kuna vibonge vidogo vya unga vinavyokamuliwa kupitia mdomo wenye meno, vikakaangwa na kuchovywa kwenye shira. Vinatoka na mistari mistari, virefu kidogo kama kidole, na jina lake ni bamieh. Bamia! Hata Mswahili asiyejua neno lolote lingine la Kiajemi akisimama mbele ya duka la peremende la Tehran atalisoma hilo na kuelewa, na atashangaa kwa muda hadi aone umbo. Waafghani nao wana kitafunwa kikavu cha kukaanga wanachokiita khajur, maana yake tende, kwa sababu kinafanana na tende iliyonona. Bamia isiyo na bamia, tende isiyo na tende, na sikio lisilo na ndovu. Ukishaelewa kwamba majina haya yanaelezea umbo tu, utaacha kuuliza mbona viungo vya nyumba hii si vya nyumba ile. Jina halikuahidi viungo. Liliahidi umbo, na umbo hilo linatokana na kitendo kimoja cha mkono: kubana.

Kubana

Hili ndilo nililoliacha mara ya kwanza, na ndilo linalotenganisha gosh-e fil na kitu kingine chochote kinachozama kwenye karai.

Unga wake hukandwa kwa mayai, maziwa na samli, si kwa maji matupu. Kwa kipimo cha nyumbani, gramu 250 hivi za unga wa ngano huenda na mayai mawili, vijiko vitatu au vinne vya maziwa, kijiko kimoja na nusu cha samli, chumvi kidogo na iliki iliyosagwa. Wengine wa upande wa Irani hutia mtindi mahali pa maziwa, na kijiko cha maji ya waridi. Ukikanda utahisi donge ni gumu kuliko la chapati, halinyooki haraka, linarudi. Usibishane nalo. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu uliache saa mbili. Katika muda huo nyuzi za protini ya ngano ulizozivuta wakati wa kukanda zinalegea, na donge lililokuwa linajikunja kama mpira linakubali kusukumwa hadi unakaribia kuona rangi ya kibao chini yake. Unene wa milimita moja hadi moja na nusu ndio unaotakiwa kwa mtindo wa Kabul. Isfahan huacha unga mnene zaidi, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Sasa kata miduara kwa mdomo wa bilauri au kisahani. Chukua duara moja, lishike upande mmoja kwa kidole gumba na cha shahada, na ukunje ukingo huo marinda mawili au matatu, kama fundi anavyotia marinda kiunoni mwa sketi. Kisha lowesha kidole kwa maji, bana hapo kwa nguvu mpaka matabaka yashikane. Upande wa pili uache uchanue. Ndiyo hivyo. Una sikio: penye marinda ndipo panapoota kichwani, na penye upana ndipo panapopepea. Namna nyingine, inayoonekana sana katika nyumba za Irani, ni kubana duara katikati badala ya pembeni; likitoka huwa kama tai ya kipepeo, au kama masikio mawili yaliyoungana.

Kazi ya marinda si urembo peke yake. Unga mwembamba ukigusa mafuta ya moto, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke papo hapo. Mvuke hutafuta pa kutokea, na ukikuta tabaka mbili zisizo na kizuizi huzitenganisha zote kwa mara moja. Ndiyo puri inayofura kama mpira. Marinda yanaubana unga mahali pamoja, hivyo mvuke hauwezi kukusanyika ukawa tumbo moja. Unatawanyika na kutoka vidogo vidogo, na kila mahali unapotoka huacha lengelenge. Matokeo yake ni kitafunwa chenye sehemu mbili ndani ya kimoja: ukingo mwembamba wenye malengelenge unaovunjika kwa mlio meno yakigusa tu, na shina nene lenye matabaka ambalo halijakauka sana, linatafunika taratibu, na ndani yake ladha ya yai na iliki imebaki. Mkate wa duara usiobanwa haukupi hayo. Ni mgumu wote au laini wote.

Mafuta yawe ya kutosha, kina cha vidole viwili hivi, na joto la kati: nyuzi 170 hadi 180 za selsiasi. Asiye na kipimajoto atupe kipande kidogo cha unga. Kikizama kisha kikapanda polepole kikizungukwa na mapovu madogo, ndiyo wenyewe. Kikipanda kama risasi na kubadilika rangi mara moja, punguza moto. Gosh-e fil ya Kabul hukaa mafutani chini ya dakika moja kila upande, na rangi inayotafutwa ni ya dhahabu nyepesi. Ikifika hudhurungi ujue umechelewa.

Na hapa pana jambo ambalo wapishi wengi wa vitu vya kukaanga, hata wa maandazi na sambusa kwetu, hawalijui. Sehemu kubwa ya mafuta haiingii ndani wakati kitafunwa kiko kwenye karai. Humo, mvuke unaotoka unayasukuma mafuta yakae nje. Mafuta huingia baada ya kuopoa, wakati kitafunwa kinapopoa na mvuke uliobaki ndani unaporudi kuwa maji: nafasi inabaki tupu, na mafuta yaliyobaki juu ya ngozi yananyonywa. Ndiyo maana sekunde kumi za kwanza nje ya karai zina uzito kuliko dakika nzima ndani yake. Inua kwa upawa wa matundu, utikise, usimamishe kitafunwa wima kwenye chekecheke ili mafuta yateremke kabla hakijapoa. Ukikilaza kwenye sahani bapa, kinalala juu ya mafuta yake na kuyanywa.

Shira au poda

Mpaka hapa Isfahan na Kabul wako pamoja. Wanaachana pale kitafunwa kinapotoka kwenye mafuta.

Mwenye duka wa Isfahan anakitumbukiza kwenye shira. Nimetumia neno shira makusudi, kwa kuwa ni jirani wa karibu sana wa neno la Kiajemi shireh, yaani maji mazito matamu ya tunda, kama yale ya zabibu yaliyochemshwa hadi kuwa mazito, ambayo kwa karne nyingi yalikuwa utamu wa nyumba nyingi za Uajemi sukari ilipokuwa ghali. Shira ya vitafunwa vya kukaanga ni sukari na maji, sehemu mbili kwa moja, ikachemshwa hadi ishike uzi, ikatiwa zafarani, maji ya waridi na matone ya ndimu. Ndimu haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Uchachu pamoja na moto huivunja sukari kiasi fulani katika sukari mbili nyepesi ambazo hazipendi kuganda chembechembe, ndiyo maana shira nzuri hubaki ikimeremeta badala ya kugeuka chenga. Anayependa visheti vyake viwe vyeupe na vikavu kwa nje hufanya kinyume: huiacha sukari igande huku akivigeuza geuza. Mambo mawili, sukari ile ile.

Kanuni ya shira ni moja ya moto, moja ya baridi. Kitafunwa kinachotoka mafutani kitumbukizwe kwenye shira iliyopoa, au iliyo vuguvugu. Kikiwa moto na shira ikiwa moto, ngozi inalainika na kuvunjikia ndani ya sufuria. Vyote vikiwa baridi, shira inabaki nje kama koti. Na hapo ndipo unapoona kwa nini Isfahan husukuma unga mnene zaidi: ule mwembamba wa Kabul ungeyeyuka. Kitafunwa kinachokusudiwa kunywa shira kinahitaji mwili wa kuibeba.

Mwenzake wa Kabul anasubiri. Kitafunwa kinapoa kabisa, ndipo sukari laini inachujwa juu yake, pamoja na pista zilizotwangwa na pengine iliki zaidi. Hapa kosa la kawaida ni haraka: poda ikianguka juu ya kitu cha moto inayeyuka na kuacha madoa ya kijivu, na ule mwonekano wa theluji juu ya masikio unapotea.

Kwa nini waachane hivyo? Niseme ninavyoona mimi, kwa kuangalia nani anapika na kwa ajili ya nani. Gushfil ya Isfahan ni chakula cha soko. Inapikwa na mafundi katika maduka ya peremende, inauzwa kwa uzito, na inaliwa siku ile ile, mara nyingi ukiwa umesimama pale pale dukani. Msimu wake mkubwa ni Ramadhani, pamoja na bamieh na zulbia, yule ndugu wa jalebi. Aliyefunga kutwa anataka kitu cha kuurudisha mwili haraka kwa chai ya rangi. Shira hufanya kazi hiyo, na haimsumbui mtu kwamba kesho kitakuwa kimelegea, kwa sababu kesho hakitakuwepo.

Gosh-e fil ya Kabul ni chakula cha nyumbani. Wanawake wa familia hukaa pamoja kabla ya Idi, mmoja anasukuma, mwingine anabana marinda, mwingine yuko kwenye karai, na wanapika nyingi. Idi ya huko ni siku tatu za kutembeleana. Kila anayeingia, jirani au shemeji, huwekewa chai na sinia ya vitu vitamu: lozi zilizovikwa sukari ziitwazo noql, biskuti za kolcha, na masikio ya ndovu yaliyopangwa kama mnara. Kitu kilicholowa shira kisingefika siku ya pili. Kikavu, kikifungiwa vizuri kwenye kopo, kinafika ya tatu bado kikivunjika kwa mlio. Muda wa kusubiri mgeni ndio ulioamua aina ya sukari.

Nyumba za Kiafghani zina kazi nyingine kwa kitafunwa hiki. Uchumba huko hukamilishwa kwa shughuli inayoitwa shirini-khori, kwa maana ya neno kwa neno "kula vitamu". Upande wa msichana ukikubali posa, jibu halitoki kwa maneno tu. Sinia ya peremende inakabidhiwa kwa upande wa mvulana, na sinia hiyo ndiyo "ndiyo" yenyewe. Katika desturi hizo za uchumba, familia ya bibi harusi hupika gosh-e fil na kuipeleka kwa wakwe, ambao nao huigawa kwa ndugu na jamaa. Anayejua uzito wa sinia inayotoka nyumba moja kwenda nyingine wakati wa posa pwani ya kwetu hahitaji maelezo marefu. Kitafunwa chembamba kinachovunjika kwa kuguswa, kikafika kizima upande wa pili wa mji, kinasema mengi juu ya mikono iliyokipakia.

Isfahan nao wana jambo lao ambalo mgeni hulistaajabia zaidi kuliko yote. Wanakula gushfil kwa dugh. Dugh ni mtindi uliopigwa kwa maji na chumvi, ukatiwa nanaa kavu. Ule wa Isfahan ni mzito. Pembezoni mwa uwanja wa Naqsh-e Jahan, ulioanza kujengwa Shah Abbas wa Kwanza alipouhamishia mji mkuu wake Isfahan mwaka 1598, na katika vichochoro vya soko linaloanzia hapo, utawakuta watu wamesimama, mkono mmoja una sikio linalodondosha shira, mwingine una bilauri nyeupe yenye vipande vya nanaa juu. Wanauma, wanakunywa, wanauma. Wairani wa miji mingine wenyewe huwauliza watu wa Isfahan wanawezaje. Lakini jaribu kulifikiria kwa ulimi. Ukila kitu kitamu mfululizo, ulimi huzoea, na tonge la nne halina utamu wa la kwanza. Linabaki zito tu. Funda la chachu na chumvi linausafisha, na tonge linalofuata linakuwa la kwanza tena. Nimejaribu kwa mtindi wa kawaida uliochanganywa na maji nusu kwa nusu, chumvi ya kutosha na nanaa iliyokaushwa juani. Nilitarajia kuvumilia. Nilimaliza sahani.

Ndugu, majirani na wasiohusika

Baada ya hapo mtu huuliza: kitafunwa hiki ni cha nani hasa? Swali hilo lina majibu mengi mno kuwa na jibu moja. Wauzbeki wana unga wa mayai unaosukumwa mwembamba, ukakatwa, ukapindwa na kukaangwa, nao wanauita qush tili, ulimi wa ndege. Warusi wana wa kwao waliouita khvorost, vijiti vya kuni. Watajiki, ambao lugha yao ni Kiajemi pia, huweka gushfil kwenye meza za harusi na za Nauruzi, mwaka mpya wa tarehe 20 au 21 Machi. (Nauruzi hiyo hiyo ndiyo mababu wa pwani walioiita Nairuzi, na chembe zake zimebaki katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ingawa kule Unguja huangukia Julai.)

Wayahudi wenye asili ya Irani nao wana sababu yao ya kupika masikio. Wakati wa Purim, sikukuu ya ukombozi unaosimuliwa katika kitabu cha Esta, Wayahudi wa nchi mbalimbali hula vitafunwa vinavyoitwa masikio ya Hamani, yule waziri mbaya wa mfalme Ahasuero. Hadithi yenyewe inatokea Shushani, na Shushani ni mji wa Susa, kusini-magharibi mwa Irani ya leo. Kwa hiyo familia ya Kiyahudi ya Kiirani inapokaanga gush-e fil kwa ajili ya Purim, sikio la ndovu na sikio la Hamani yanakutana kwenye karai moja, katika desturi za watu ambao nchi yao ndiyo iliyobeba kisa chenyewe.

Wasiohusika ni wale wanaopewa jina hilo kwa bahati tu. Marekani kwenye maonyesho huuzwa mkate mpana wa kukaanga wenye sukari na mdalasini unaoitwa masikio ya ndovu. Unga wake umetiwa hamira na haubanwi. Kuna pia biskuti za Kifaransa zilizoviringwa kwa matabaka ya siagi, ambazo baadhi ya watu huziita hivyo, nazo haziguswi na mafuta kabisa, huokwa. Ukikuta maelezo ya mapishi yanayotaja jiko la kuoka, umepotea njia.

Na kaimati zetu? Watu wengi wakisikia "kitafunwa cha kukaanga chenye shira kutoka Uajemi" wanasema hapo hapo, aa, kaimati. Ni ukoo mwingine. Kaimati ni luqaimat ya Waarabu, vitonge vidogo, na asili yake ni uji mzito wenye hamira unaodondoshwa mafutani, sawa na vile zulbia inavyomiminwa. Gosh-e fil haimiminwi. Ni donge linalosukumwa, kukatwa na kupewa umbo kwa vidole. Ukitafuta jamaa yake wa karibu katika mapishi ya pwani, tazama visheti: donge lenye samli, halina hamira, mpishi anakigandamiza kimoja kimoja kwenye uma au kwenye mgongo wa chujio ili kipate mikunjo, kinakaangwa, halafu ndipo sukari. Sidai kwamba kimoja kimezaa kingine. Nasema kwamba aliyezoea kukaa na mama yake alasiri nzima wakigandamiza visheti mia mbili kwa ajili ya Idi tayari ana vidole vya kubana gosh-e fil, na hatapata shida niliyoipata mimi.

Siku hizi familia nyingi za Kiafghani zilizohamia Hamburg au California hutumia mashine ya kusukumia tambi kupata ule wembamba bila kuumiza mabega, kisha wanarudi kwenye vidole kwa ajili ya marinda, kwa kuwa hapo hakuna mashine. Aliye Dubai anaweza kuonja ile ya shira kwenye maduka ya peremende ya Kiirani, hasa Ramadhani. Ile ya Kabul ni vigumu kuinunua popote. Maganda yake hayavumilii kusafirishwa, na mwenye duka hapati faida kwenye kitu ambacho nusu yake hufika kimekuwa chenga. Karibu kila aliyewahi kuila vizuri aliila sebuleni mwa mtu, na mwenye nyumba akamshikia sahani chini ya kidevu ili poda isimwagikie nguo za sikukuu.